Bindo na Likelemba: Akiba ya Mkulima wa Kivu na Historia ya Ulaghai wa Fedha

Waswahili husema kwamba akiba haiozi. Haielekei kwamba waliotunga methali hiyo walikuwa wakifikiria noti. Walifikiria mtama, samaki mkavu, nazi zilizorundikwa ghalani. Na hata vitu hivyo, mwenye ghala anajua, vina siku zake. Lakini katika nchi iliyoitwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997 palitokea jambo ambalo methali haikulitazamia: fedha yenyewe ilioza, mikononi mwa watu na katika madaftari ya benki, na kuoza huko kukawafungulia mlango walaghai. Makala haya yanauchunguza mlango huo. Hoja yake ni kwamba ulaghai mkubwa wa fedha katika nchi hiyo hauelezeki kwa tamaa ya waliolaghaiwa peke yake. Unaelezeka zaidi kwa kutazama namna walivyozoea kupoteza akiba zao kwa njia zilizokuwa halali kabisa.

Mahali pa kuanzia si Kinshasa. Tuchukue Mpofi, penye mpaka wa Masisi na Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, kwenye njia itokayo Masisi kupitia Nyabiondo kuelekea nchi ya misitu. Upande mmoja wa mpaka ni vilima vya malisho na mashamba ya maharagwe; upande wa pili ni msitu na mawese. Mkulima wa sehemu kama hiyo hupata fedha kwa vipindi: mavuno yakiuzwa, mbuzi akiuzwa, au mtoto aliyeko machimboni akileta kitu. Baina ya vipindi hivyo zimo karo za shule, mahari, matanga na maradhi. Akiba kwake ni daraja la kumvusha kutoka sokoni leo hadi hospitali kesho. Na benki iko Goma, safari ya barabara mbovu.

Serikali ya kikoloni ililiona jambo hilo. Mwaka 1950 iliunda Sanduku la Akiba la Kongo ya Kibelgiji, ambalo kizazi chake, baada ya kubadilishwa majina, ni CADEZA ya enzi za Zaire na CADECO ya leo. Kusudi lilikuwa kukusanya vijisenti vya watu wadogo. Tatizo ni kwamba kijisenti kilichohifadhiwa katika sanduku la akiba hubaki kuwa fedha ya nchi ileile, na thamani yake hufuata thamani ya fedha hiyo, ipande au ishuke.

Zaire, kama jina la fedha, ilianzishwa 1967. Zaire 1 ilichukua mahali pa faranga 1,000, na ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Mwezi Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, ambayo moja yake ilikuwa sawa na zaire milioni 3 za kale. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, ambayo moja yake ilikuwa sawa na zaire mpya 100,000. Mwenye kupenda hesabu atakuta kwamba faranga 1 ya 1998 ilibeba zaire za kale bilioni 300. Kwa thamani ya 1967, dola bilioni 600. Hakuna mlaghai wa mtaani aliyewahi kufikia kiwango hicho.

Katikati ya mporomoko huo lilitokea tendo moja ambalo lilionekana kama pigo la makusudi zaidi kuliko mfumuko wa bei. Wakati wa Krismasi ya 1979 serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazitatumika tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, na kiasi cha kubadilishwa kiliwekewa mpaka. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwanasa wafanyabiashara wa magendo na walioficha fedha nje ya mipaka. Lakini tajiri wa mjini alikuwa na jamaa benki, naye mkubwa serikalini alikuwa na njia zake. Aliyekosa njia ni mwanakijiji aliyetunza noti zake ndani ya kopo au kwenye ukuta wa udongo. Mpaka habari zimfikie, na mpaka atembee kufika penye tawi la benki, siku zilikuwa zimekwisha. Wako waliobakiwa na makaratasi yasiyonunua hata chumvi.

Inafaa kulitazama tendo hilo kwa makini, kwa sababu lilifunza somo lililokuja kutumiwa vibaya miaka 11 baadaye. Somo lenyewe ni hili: kuweka fedha bila kuitumia ni upumbavu, na anayejua la kufanya hufanya upesi. Mzaha wa wakati huo ulisema kwamba katiba ina Kipengele cha 15, kisichoandikwa popote, kinachomwamuru kila raia ajitafutie mwenyewe. Mtu aliyelelewa na mzaha kama huo akiambiwa kwamba iko nyumba moja mjini inayozalisha fedha, hataanza kwa kuuliza kama inawezekana. Ataanza kwa kuuliza kama foleni ni ndefu.

Nyumba hiyo ilifunguliwa. Mwishoni mwa 1990, mjini Kinshasa, Michel Bindo Bolembe alianzisha shughuli iliyojulikana kama Bindo Promotion. Mtu aliweka fedha, na baada ya wiki chache aliahidiwa kurudishiwa mara kadhaa ya kile alichoweka. Wa kwanza walilipwa, na hilo ndilo lililokuwa tangazo lake kubwa, kwani hakuna gazeti linaloshinda jirani anayerudi nyumbani na mfuko uliojaa. Wafanyakazi wa serikali, askari, wachuuzi wanawake na wanafunzi walijipanga foleni. Wako waliouza magari na nyumba wapate cha kuweka. Nyumba nyingine za namna hiyo zikaota kando yake, zikiwamo Madova na Nguma, na nchi ikashikwa na uchu ambao mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, katika makala yake ya 1992, aliuita kwa jina la mwenye nyumba ya kwanza: bindomania.

Wakati wenyewe ulisaidia. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alikuwa ametangaza mwisho wa chama kimoja. Mkutano Mkuu wa Taifa ulikuwa ukingojewa, nao ulifunguliwa Agosti 1991. Mishahara ilikuwa haitoshi hata nauli. Palikuwa na minong'ono kwamba wakubwa walikuwa nyuma ya nyumba hizo, au kwamba serikali iliziachia ili watu wazungumze juu ya faida badala ya siasa. Mwanahistoria hana haja ya kuamua kama minong'ono hiyo ilikuwa ya kweli ili aone uzito wake: kwa wengi, dhana kwamba mkubwa yumo ilikuwa dhamana na wala haikuwa onyo. Katika utawala ambamo utajiri ulitoka juu, kitu kilichoguswa na mkubwa kilionekana kuwa salama.

Kufikia katikati ya 1991 malipo yalikuwa yamekatika na nyumba zimeanguka. Septemba mwaka huohuo askari wa Kinshasa waliasi wakapora mji, na mnamo Januari 1993 wakapora tena, baada ya kulipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5 ambayo waziri mkuu Étienne Tshisekedi aliikataa na wafanyabiashara hawakuipokea. Katika uporaji huo wa pili aliuawa balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard. Kuanguka kwa nyumba za Bindo hakukuleta uporaji huo, na si sahihi kuviunganisha kwa uzi mmoja. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mshahara wa noti iliyokataliwa na stakabadhi ya Bindo vilikuwa karatasi za aina moja. Kila moja ilimwahidi mshikaji kitu ambacho mtoaji hakuwa nacho.

Hapa msomaji wa Kiswahili atakuwa amekwisha kutabasamu juu ya jina. Katika Kiswahili cha pwani bindo ni upindo wa nguo, ule mkunjo wa shuka au kanga ambao mtu hutia nafaka, matunda au fedha; na kukinga bindo ni kuutanua upindo huo ili upokee. Jina la Mkongo huyo halina uhusiano wowote na neno hilo. Hata hivyo, sadfa hiyo inaeleza jambo. Bindo la nguo halizalishi kitu: linabeba kile tu kilichotiwa ndani yake, na likitobolewa huvuja. Bindo la Kinshasa nalo halikuzalisha kitu. Halikuwa na kiwanda wala shamba wala meli. Fedha zilizotoka zilikuwa zilezile zilizoingia, zikihama kutoka kwa waliochelewa kwenda kwa waliowahi.

Bindo halikuwa mchezo mgeni duniani. Mwaka 1920, mjini Boston, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akidai kwamba anafanya biashara ya hati za posta za kimataifa, na akaanguka mwaka huohuo. Albania, iliyotoka katika ukomunisti bila benki za kuaminika, ilishuhudia nyumba za namna hiyo zikianguka 1997 na nchi kuingia katika machafuko ya silaha. Mfano wa Albania unaikaribia Zaire zaidi kuliko ule wa Boston, maana Ponzi alistawi pembeni mwa benki zilizokuwa zikifanya kazi, nazo nyumba za Albania zilikalia nafasi ambayo benki zilipaswa kuikalia.

Ugumu wa kuutambua ulaghai huu katika Afrika ya Mashariki na Kati una sababu nyingine, nayo ni ya kilugha na kijamii pamoja. Ulaghai huvaa nguo za desturi njema. Desturi yenyewe katika Kongo ni likelemba, neno ambalo katika Kiswahili cha Kivu wengine hulitamka likirimba. Watu kumi, tuseme, wanakubaliana kila mmoja atoe kiasi kimoja kila wiki, na kila wiki mmoja wao achukue chungu chote. Baada ya wiki kumi kila mtu ametoa kumi na amepokea kumi. Faida haipo. Kinachopatikana ni ukubwa wa fedha kwa wakati mmoja: fedha ambazo zingepotea kwa chumvi na sabuni zinakuwa mbuzi au mabati. Tanzania na Kenya mchezo huohuo huitwa upatu.

Ukimtazama mwanamke wa soko la Kinshasa akipanga foleni mwaka 1991, utaona ni kwa nini Bindo halikumshangaza. Alizoea kutoa fedha leo na kupokea chungu kikubwa baadaye. Alizoea kuaminiana bila benki. Tofauti ilikuwa katika mambo mawili ambayo kwa haraka hayaonekani. Kwanza, katika likelemba duara limefungwa: idadi ya watu inajulikana tangu mwanzo na kila mmoja anamjua mwenzake kwa sura na kwa mlango. Pili, jumla ya kinachotoka hailazimiki kuzidi jumla ya kinachoingia. Bindo lilivunja yote mawili. Tuchukue nyumba inayoanza na watu 100, na kwamba kila anayelipwa anahitaji wapya wawili wa kumlipia. Mzunguko wa 10 utahitaji watu 102,400. Mzunguko wa 19 utahitaji zaidi ya watu milioni 52, na Zaire nzima ya 1991, pamoja na watoto wachanga, haikuwa na idadi hiyo. Kwa mizunguko ya wiki sita sita, hayo yangekuwa mambo ya miaka miwili na ushei. Na kwa kawaida hofu huwahi kufika kabla ya hesabu kukamilika.

Mkanganyo baina ya desturi na ulaghai ulionekana waziwazi Tanzania. Taasisi iliyojulikana kama DECI ilikusanya fedha za watu wengi kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, lugha ambayo kwa msikilizaji wa mahubiri na kwa mkulima vilevile haihitaji kufafanuliwa. Serikali iliisimamisha 2009, na mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Kinachomhusu mwanafunzi wa lugha ni jina la kosa. Mashtaka, kama yalivyoandikwa katika magazeti ya Kiswahili, yalikuwa ya kuendesha upatu kinyume cha sheria. Kwa hiyo neno lililokuwa jina la mchezo wa akina mama, ambamo hakuna anayeibiwa, likawa jina la jinai. Hasara ya mabadiliko hayo si ndogo. Mtu asiye na neno la kutenganisha vitu viwili atavikimbia vyote viwili au atavipokea vyote viwili. Wakongo, kwa bahati, walibaki na majina mawili: likelemba ni likelemba, na Bindo ni Bindo.

Nchini Kenya, kikosi kilichoundwa na serikali kuchunguza nyumba zilizoanguka miaka ya 2006 na 2007 kilikuta kwamba watu zaidi ya 148,000 walipoteza takribani shilingi bilioni 8. Waathiriwa wengi waliingizwa na jamaa, wafanyakazi wenzao au washiriki wa kanisa moja. Hilo linathibitisha lile lililoonekana Kinshasa: mlaghai hahitaji kuaminiwa na watu elfu moja. Anahitaji kuaminiwa na kumi, nao watafanya kazi iliyosalia bila mshahara na kwa moyo safi.

Kutokana na mifano hiyo, dalili za ulaghai hazipatikani katika ukubwa wa faida peke yake, ingawa faida kubwa kwa muda mfupi inatosha kumsimamisha mtu mwenye akili. Katika nchi ambamo bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia kwa mwaka, kama Zaire ya 1993 na 1994, ahadi ya mara mbili au mara nne haikuwa na sauti ya ajabu. Mfanyabiashara wa dola wa barabarani naye aliona tarakimu za namna hiyo. Swali linalopasua jipu ni jingine: faida inatoka wapi? Mwenye ng'ombe ataonyesha ndama. Mwenye duka ataonyesha shehena. Nyumba ya Bindo ilionyesha waliolipwa, na waliolipwa si chanzo cha fedha. Swali la pili ni kama mtu anaweza kuliona daftari na kuondoka na mtaji wake siku anayotaka. La tatu, ambalo watu huona haya kuliuliza, ni kwa nini mtu mwenye siri ya utajiri anazunguka akitafuta vijisenti vya wengine.

Simu imebadilisha mandhari bila kubadilisha misingi. Tangu 2012, kampuni za simu za Kongo zilipoanza huduma za fedha, mkulima wa bara anaweza kupokea fedha bila kwenda Goma, na hiyo ni nafuu kubwa. Papo hapo umezaliwa ulaghai mdogomdogo unaopenda haraka kuliko tamaa: ujumbe unaodai kwamba fedha zimetumwa kwako kimakosa na uzirudishe, sauti inayojifanya ya kampuni na kukuomba namba ya siri, au ule ujumbe mashuhuri wa Tanzania unaoagiza kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii, ukimtegemea mtu ambaye kweli alikuwa na deni la kulipa siku hiyo. Dawa yake haina elimu nyingi: kutazama salio kabla ya kurudisha chochote, kumpigia mhusika kwa namba iliyokuwapo tangu zamani, na kutompa yeyote namba ya siri, hata akijiita nani.

Lakini mtu aliyekwisha kuukwepa ulaghai bado hajapata mahali pa kuweka akiba yake, na hapa historia ya Masisi ni ngumu. Wengi walikimbilia mifugo. Ng'ombe hafutwi kwa tangazo la redio wakati wa Krismasi, na huzaa. Hata hivyo Machi 1993 mauaji yaliyoanzia soko la Ntoto, katika Walikale, yalienea Masisi yote. Watu walikufa kwa maelfu, na vita vya miaka iliyofuata viliyafagia makundi ya ng'ombe. Ng'ombe akawa akiba inayoonekana kutoka mbali na kutembea kwa miguu yake mwenyewe kuelekea kwa mwenye bunduki. Dola ya Marekani ikawa kimbilio jingine, na hadi leo sokoni noti yake hukaguliwa kwa makini, na yenye mpasuko mdogo hukataliwa. Kuwa na dola kulimwepusha mtu na mfumuko wa bei, wala hakukumwepusha na mwizi.

Vyama vya ushirika vya akiba na mikopo vilivyokuwapo Kivu tangu enzi za Zaire viliumizwa na mfumuko uleule, kwa kuwa viliweka hesabu zao kwa zaire. Sheria ya Februari 2002 iliviweka chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Kongo, na hivyo mwenye akiba akapata swali jipya la haki la kumwuliza anayepokea fedha zake: una kibali? Pamoja navyo viliingia vikundi vya akiba vya vijijini, vinavyojulikana kwa kifupisho cha Kifaransa AVEC, ambavyo mfano wake ulianzishwa Niger mwaka 1991, mwaka uleule ambao Bindo lilianguka. Kikundi huwa na watu wapatao 15 hadi 25. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, hutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu wasiokuwa mtunza sanduku. Faida ipo, nayo inajulikana inakotoka: ni riba ambayo wanachama wenyewe wamelipa kwa mikopo yao. Mwisho wa mwaka sanduku hufunguliwa, wote hugawana, na kila kitu huanza upya. Ni likelemba iliyopewa daftari.

Mwaka 2025 mpangilio huu wote ulitikiswa kwa mara nyingine. Waasi wa M23 waliingia Masisi mjini mwanzoni mwa Januari, Goma mwishoni mwa mwezi huo, na Walikale mnamo Machi, kabla ya kuondoka Walikale. Benki za Goma zilifungwa. Watu waliokuwa na akiba halali, katika benki halali, zilizoandikwa vizuri kwa dola, hawakuweza kuzigusa; wako waliovuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta fedha taslimu, na waliolipa ushuru mzito kwa mawakala wa simu ili wapate noti. Aprili mwaka huohuo utawala wa waasi ulifungua tena ofisi ya CADECO mjini, bila idhini ya Kinshasa, na kuwaalika wananchi waweke fedha zao katika sanduku lililoanza mwaka 1950.

Likelemba haina jengo la kufungwa. Inachohitaji ni kwamba watu kumi walioanza pamoja wawe bado mahali pamoja wiki ya kumi. Na kwenye njia ya Nyabiondo kuelekea Mpofi, ambako vijiji vimehama mara nyingi tangu 1993, aliyepangiwa kuchukua chungu mwisho ndiye aliyebaki akiwatafuta wenzake katika kambi za wakimbizi, mmoja mmoja, kwa majina.